Mpiga Tarumbeta Asiyekula Harusini

Watu wengine hutunza meno yao ili wale. Kastori aliyatunza ya kwake kwa kutokula. Muwa hakuugusa tangu ujana wake, hindi la kuchoma aliwaangalia wenzake wakilitafuna, na mfupa wa mbuzi aliuona kama mtego uliotegwa mahususi kwa ajili yake. Meno ya mbele hushikilia midomo, midomo hushikilia tarumbeta, na tarumbeta ndiyo iliyomshikilia Kastori hapa duniani tangu alipokuwa mtoto asiye na baba wala mama. Mtu wa namna hiyo akikuambia hali muwa, haifai kumcheka. Walimcheka hata hivyo.

Alizaliwa Makebuko, akatolewa Burundi mgongoni mwa shangazi yake katika mwaka ule ambao watu walikimbia bila kufunga milango. Shangazi alifariki njiani. Mabruda wa misheni moja ya Tabora ndio waliomlea, wakampa dini, viatu na baadaye tarumbeta, lakini aliyemfundisha kuipuliza hasa alikuwa Venansi, mpiga tarumbeta maarufu wa bendi ya dansi ambaye pumzi yake moja ilitosha kumtoa mtu jasho uwanjani. Venansi alikunywa kila alichowekewa mezani. Kabla ndevu zake hazijaanza kuota mvi, alikuwa hawezi kuzima mshumaa. Kastori alikaa kando ya kitanda chake akamwangalia akihema kwa shida, akaapa kwamba yeye atapiga tarumbeta mpaka wiki ya kuzikwa kwake.

Kutokana na kiapo hicho zikazaliwa sheria, nazo hazikuwa chache. Pombe marufuku. Soda marufuku, kwa sababu ya sukari kwenye meno na gesi kwenye tumbo. Mafuta marufuku. Kabla ya kupiga, tumbo liwe tupu, maana likijaa chakula pumzi hukosa pa kukaa. Maharage alikuwa na ugomvi nayo wa pekee, akisema yanatia hewa mahali ambapo hewa haihitajiki. Kila alfajiri alipanda mlima kwa mwendo wa haraka, akirudi anaegemeza karatasi ukutani na kuizuia isianguke kwa pumzi yake tu, huku mkewe Josefina akisali Baba Yetu kama kipimo. Josefina alikuwa mwanamke mwenye huruma. Siku alizomwona mumewe amechoka, alisali haraka.

Amani iliporudi, nao wakarudi. Wengi walirudi kudai mashamba ya baba zao, na Kastori naye akapewa kipande Makebuko, kilichobaki baada ya ndugu kugawana, kinachotosha vizuri tu kwa maharage. Akawaachia ndugu hao walime. Yeye na mkewe wakapata nyumba Musinzira, mjini Gitega, Josefina akaanza kuuza nyanya sokoni, na Kastori akajiunga na bendi ya Gervasi.

Gervasi hakuwahi kukimbia nchi. Alikuwa amepiga gitaa vita ikianza, akapiga vita ikiendelea, na vita ilipokwisha alikuwa bado anapiga gitaa lile lile. Alimpokea Kastori kwa mikono miwili. Gitega haikuwa na tarumbeta ya maana, na huyu mtu mwenye mvi aliyetoka Tabora alikuwa na sauti moja ya juu, katika wimbo wa kumwingiza bibi harusi, aliyoipanda taratibu, akafika kileleni, akakaa huko bila kutetemeka mpaka wasikilizaji wakasahau kumeza mate. Katika miezi ile ya kwanza hapakuwa na harusi, jubilei wala sherehe ya kuondoa matanga iliyokamilika bila yeye.

Sasa niseme kilichokuwa kikitokea baada ya muziki. Sahani zilipopita, Kastori aliinuka kidogo kitini, akaweka mkono kifuani na kusema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "Asanteni sana, nimeshiba." Chupa zilipoletwa alisema hivyo hivyo. Kule Tabora maneno hayo yanatosha, mwenyeji anasema haya, karibu tena, na mambo yanaishia hapo. Kisha, akiwa ameridhika kwamba ametimiza adabu zote, Kastori alifungua mfuko wake, akatoa chupa ya chai ya tangawizi na hotipoti ndogo yenye viazi vitamu alivyopikiwa na Josefina, akala polepole mbele ya wenye harusi, akiwatabasamia kila walipomtazama. Nao walimtazama sana.

Yeyote aliyekulia kwenye vilima vile angemwambia kwamba kinywaji cha Kirundi si cha kukata kiu. Chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, haifunguliwi jikoni. Pombe ya nyumbani huonjwa na mwenyewe kwanza, watu wote wakiona, ndipo mrija hupewa mgeni. Maana yake inajulikana na hakuna anayeitamka: kama humu mna kifo, kianze na mimi. Mgeni akishaonyeshwa hivyo halafu akakataa, amesema jambo zito kuliko tusi. Amesema, nakushuku. Na anayekuja na chakula chake toka nyumbani amesema hivyo kwa kijiji kizima, tena kabla hajafika.

Mtu mmoja tu mwenye ulimi mkali angelimaliza jambo hili kwa dakika moja, lakini watu wa Gitega wana heshima zao. Walimshukuru Kastori kwa muziki, wakamsindikiza hadi barabarani, wakamtakia safari njema, halafu wakarudi ndani wakaulizana kwa sauti ya chini huyu mzee amewaona wao ni watu wa namna gani.

Mialiko ikaanza kupungua. Mara Gervasi alisema gari lilijaa. Mara alisema simu ya Kastori haikupatikana, ingawa simu yenyewe ilikuwa mezani siku nzima, mwenyewe akiiangalia. Kisha bendi ikampata Crispin, kijana mpole mwenye kinanda cha umeme, na kinanda hicho kilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza kinatoa sauti ya tarumbeta. Hakili, hakinywi, hakiji na hotipoti.

Kastori alitafuta sababu ya kutupwa kwake, akaipata pale pale ambapo mpiga tarumbeta yeyote angeipata. Umri. Pumzi zimepungua, midomo imelegea, watu wamesikia ila wanamwonea haya. Basi akazikaza sheria. Akaacha chumvi. Akaacha hata viazi vitamu siku ya kupiga, akabaki na tangawizi peke yake. Akaacha kutembea mlimani, akaanza kukimbia. Jumamosi mjini watu wengi hukimbia kwa vikundi wakiimba, na hakuna anayeshangaa, lakini mzee mwenye mvi anayekimbia peke yake Jumanne, hana mpira, hafukuzwi na mtu, hilo ni jambo la kuzungumzwa. Likazungumzwa. Wengine wakaanza kusema kwamba mtu anayeiogopa sumu kiasi hicho lazima anaijua kwa karibu. Kadiri Kastori alivyojitunza, ndivyo alivyozidi kuonekana mtu wa hatari.

Gervasi, ambaye moyo wake ulikuwa mwema, alijaribu kumsaidia. Alikuja Musinzira Jumapili moja, akakaa, akaulizia habari za shamba, za mvua, za binti yao Upendo aliyebaki Tabora na mumewe, na alipomaliza vilima vyote vya kuzunguka ndipo akaingia kwenye hadithi. Palikuwa na ng'ombe, alisema, ng'ombe mzuri sana, mwenye pembe ndefu, na alipopelekwa kwenye birika pamoja na ng'ombe wa wengine alikataa kunywa. Alinyweshwa kwao tu. Mwisho wake wachungaji wakachoka, wakawa wanamwacha zizini kundi likienda malishoni. Gervasi akamwangalia Kastori machoni, akangoja.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Kastori alifikiri kwa makini. Alisema ng'ombe huyo alikuwa na akili, maana mabirika ya watu yamejaa minyoo, na akamshukuru mwenzake kwa kumkumbusha: tangu siku hiyo yeye atayachemsha maji yake mara mbili. Kisha akampa glasi ya maji yaliyochemshwa. Gervasi aliyanywa yote, kwa sababu alilelewa vizuri, akaenda zake akiwa amekata tamaa.

Kilichomwumiza Kastori kuliko vyote kilitokea karibu na nyumbani. Jirani wa nyumba ya tatu aliozesha, hakumwalika, na upepo ukaleta muziki mpaka uani kwake. Ulipofika wimbo wa bibi harusi akasikia sauti yake ya juu, ile aliyoihangaikia tangu akiwa kijana, ikitolewa na kitufe. Haikukosea hata kidogo. Kastori alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akalia, na hakujificha Josefina alipotoka nje akamkuta. Alimwambia kwamba kama hapigi tena, hajui yeye ni nani katika nchi hii. Shamba halimjui, ndugu hawamjui, lugha ya nyumbani anaisema kama mgeni. Alikuwa na pumzi tu, na sasa hata hizo hazitakiwi.

Ndipo likaja jambo la Muyinga, kaskazini mwa nchi. Kulikuwa huko na bibi mmoja, Kasilda, mwenye mjukuu aitwaye Christina aliyekuwa akiolewa, na Bibi Kasilda alikuwa amesikia kile kinanda mahali fulani na kukitolea hukumu: kitu kile hakipumui. Yeye aliwahi kwenda Mutoyi, upande wa Gitega, kwenye jubilei ya mtawa mmoja wa ukoo wao, akamsikia pale mzee wa tarumbeta, na alitaka mzee huyo au bendi isije kabisa. Gervasi alijaribu kusema mzee ana udhuru. Bibi alijibu kwamba harusi itamsubiri apone.

Kastori alipoambiwa alirudi ujanani. Kesho yake akaenda dukani kwa Sugrabai, kununua mafuta ya cherehani ya kulainishia pistoni za tarumbeta. Sugrabai alikuwa mwanamke wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Gitega kama mama yake, na kwa kukaa nyuma ya ile kaunta maisha yake yote alikuwa amesikia ya kila mtu. Kastori alimweleza furaha yake, halafu, kwa vile furaha hulegeza ulimi, akamweleza na huzuni iliyotangulia. Umri, alisema. Ameanza kuchoka, na watu wamesikia.

Sugrabai aliweka ile chupa ya mafuta mezani bila kuifunga kwenye karatasi.

"Umri? Mzee Kastori, we unapiga vizuri kabisa. Ile chai yako ndiyo iko inakumaliza," alisema. "Angalia sisi. Hatunywi pombe, tangu babu yangu. Mais lakini mtu akinifungulia Fanta mbele ya macho, mi nakunywa. Hata nusu, hata robo, nakunywa, anaona. We unakuja kwa harusi ya watu na chakula yako ndani ya mufuko. Unafikiri wanasema nini? Wanasema unaogopa watakupa sumu. Na wengine wanasema kitu mbaya kuliko hiyo."

Kastori alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaketi juu ya gunia la sukari, na harusi zote alizowahi kupiga zikampitia mbele ya macho moja moja: mkono wake kifuani, tabasamu lake, hotipoti. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa amewatukana watu wa mji mzima, kwa heshima kubwa, nyumba baada ya nyumba.

Nyumbani alimwuliza Josefina kama alijua. Josefina alijua. Wanawake wa sokoni walishamwambia zamani, naye mwenyewe alikula kila mahali alipokaribishwa, na ndiyo sababu nyanya zake ziliisha mapema.

"Sasa mbona hukuniambia, Mama Upendo?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani ni gharama uliyoamua kulipa kwa ajili ya kiapo chako. Mimi ni nani nikutoe kwenye kiapo?"

Kastori akasema yeye hakuamua kitu, alidhani ni umri. Josefina akamkumbusha kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mumewe akauliza, akifumba jicho hilo, pumzi zake zitakwenda wapi. Alianza kumweleza upya habari za Venansi na mshumaa, habari ambazo Josefina angeweza kuzisimulia akiwa usingizini. Mkewe alimkatiza.

"Utakuwa na pumzi nyingi, Baba Upendo. Za kumpulizia nani?"

Swali hilo lilimfuata siku zote zilizobaki kabla ya harusi. Mwishowe akajitengenezea njia ya katikati, kama wafanyavyo watu wenye sheria nyingi. Muyinga atakubali Fanta. Ataomba ifunguliwe, atakunywa nusu mbele za watu, atasukutua na maji, na kiapo chake kitaponea hapo. Chupa ya chai aliiacha Musinzira, na njia nzima ya kwenda Muyinga kupitia Karuzi, amebanwa kati ya spika na gitaa la Gervasi, mikono yake haikujua ishike nini.

Siku ile alipiga kuliko alivyowahi kupiga maishani. Nasema hivi bila kutia chumvi. Tumbo lilikuwa tupu, midomo imara, mapafu yamefunguka kwa mbio za miezi mingi, na Christina alipoingia, sauti ya juu ilipanda bila kukwaruza, ikakaa juu ya vichwa vya watu, ikakaa zaidi, kisha ikashuka kwa utulivu mpaka chini. Crispin aliacha mikono hewani juu ya kinanda chake. Ilikuwa kazi isiyo na kasoro.

Watu walipiga makofi ya adabu. Macho yao hayakuwa kwenye tarumbeta, yalikuwa kwenye mfuko wake. Habari zilikuwa zimetangulia kutoka Gitega, na sasa kila mmoja alisubiri kuona ile hotipoti inavyotoka.

Kastori alikuwa ndiyo kwanza anamtafuta kwa macho mgawaji wa soda, alipoitwa na Bibi Kasilda. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, amefungwa vitenge viwili, ameketi kwenye mkeka badala ya viti vya plastiki vya kukodi, na mbele yake palikuwa na mtungi wa impeke, pombe ya mtama, aliyoipika mwenyewe kwa sababu hakuwaamini wakwe zake kwa kazi hiyo. Ndani ya mtungi ulisimama mrija mmoja. Pale ukumbini mazungumzo yalikwisha moja baada ya jingine, kama taa za mtaa umeme unapokatika.

"Bibi, mimi nilikuwa naomba Fanta," Kastori alisema. Hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa membamba.

Bibi Kasilda aliinama, akavuta mrija muda mrefu, tena taratibu, bila haraka yoyote, huku akimwangalia. Akajifuta mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Hii mi ndiyo nimeipika," alisema. "Niko muzee sana, mi naweza kufa siku yoyote, mais leo sitaki, mtoto anaolewa. Umeona nimekunywa? Donc basi, mwana wanje, mtoto wangu, kama ni kufa, tunakufa wawili."

Akaugeuza mrija ukamwelekea Kastori.

Alimwona Venansi pale, kitandani, na mshumaa. Aliwaona pia watu wote wa Muyinga wamemtolea macho, na Gervasi ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Jambo lililomshangaza Kastori ni kwamba hakuogopa kwa ajili ya mapafu yake. Aliogopa kwamba yule bibi atauondoa mrija. Akapiga magoti kwenye mkeka akanywa.

Ilikuwa chungu kidogo, nzito, yenye uvuguvugu, na ilimkumbusha kitu ambacho hakuwahi kukijua. Vigelegele vilipasuka nyuma yake. Mtu alimpiga mgongoni, mwingine akamwita mukwe, mwingine akaleta sahani ya maharage na ndizi, na kwa kuwa alikuwa tayari amepiga magoti, Kastori akaila yote. Alikuwa na njaa ya miaka mingi. Alipoitwa kupiga tena alipanda jukwaani akicheua, akakosea mwanzo, akaruka mstari mzima katikati, na ukumbi ulicheza mpaka viti vikavunjika.

Kama huo ungekuwa mwisho wa maneno, Kastori angeweza kusema amekunywa mara moja kwa ajili ya bibi mmoja. Lakini habari hizi zilirudi Gitega kabla ya gari la bendi. Kastori kanywa! Kanywa kwa Kasilda, Muyinga, kwa mrija mmoja! Juma lile lile Gervasi alimwalika nyumbani kwake, akafungua chupa mbele yake, akamimina, akaonja. Na hapo Kastori akauona mtego aliouingia. Zamani alipokataa kwa wote, alikuwa amewashuku wote sawasawa. Sasa akinywa kwa Kasilda na kukataa kwa Gervasi, atakuwa amemtaja Gervasi kwa jina. Akanywa. Na aliyenywa kwa Gervasi hawezi kukataa kwa jirani yake Gervasi, wala kwa shemeji ya jirani.

Mialiko ikarudi, ikapita ile ya zamani. Wakamwita Makebuko, ndugu zake wenyewe, wakampikia maharage ya shamba lake, naye akayala akaona ni matamu. Wakamwita kwenye ubatizo ambao haukuwa hata na muziki, akae tu. Mtu alipofiwa, Kastori alijulishwa miongoni mwa wa kwanza. Kirundi chake kilinyooka, maana lugha haiingii kwa mtu aliyefunga mdomo. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Mbio za alfajiri ziligeuka matembezi, na matembezi yakageuka kusimama mlangoni akisalimia wapita njia. Karatasi ya ukutani ilianguka kabla Josefina hajafika kwenye mkate wa kila siku, hata akisali haraka, mpaka wakaacha kuiegemeza. Alikuwa na furaha. Na kila alipobaki peke yake na tarumbeta alikuwa na hofu, kwa sababu sikio lake halikuwa limenenepa. Lilisikia kila kitu.

Harusi niliyotaka kuifikia ilifanyika Gitega, msimu wa kiangazi uliofuata. Ukumbi ulijaa. Kastori alikuwa ameshakaribishwa meza nne kabla ya kupanda jukwaani, na zote nne alikuwa amezitendea haki. Bibi harusi alitokea mlangoni, wimbo wake ukaanza, na tarumbeta ikaanza kupanda taratibu kuelekea kileleni.

Haikufika. Hatua moja kabla ya juu kabisa Kastori alivuta pumzi na hakukuta kitu. Midomo ilitetemeka, ikatoa mkwaruzo mdogo, ikanyamaza. Alibaki amesimama na tarumbeta mdomoni, macho yamemtoka, akisubiri kimya cha aibu aliyoikimbia maisha yake yote.

Kimya hakikuja. Wanawake wa meza za mbele, wale aliokula nao, walikuwa tayari wameipokea ile sauti ya juu kwa vinywa vyao, wanaume wakaingia chini yake, na ukumbi mzima ukasimama ukiimba mahali alipopaacha, bila hata mmoja kujua kwamba amepaacha. Josefina naye alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo mingi, haikukaa sawa, na ilidumu kuliko pumzi yoyote ya mtu mmoja. Kastori hakuwahi kuimbiwa hivyo katika siku zake za mapafu mazima. Machozi yalimtoka, na mwenyewe hakujua ni ya kushukuru au ya kuzika.

Muziki ulipokwisha, baba wa bwana harusi alikata ukumbi na chupa mkononi. Aliifungua mbele ya macho ya Kastori, akamimina kwenye glasi, akaonja, akamkabidhi.

"Muzee wangu," alisema, na macho yake nayo yalikuwa na maji, "mi nimekusikia toka mwaka ule umerudi. Ile sauti ya juu, hujawahi kuipiga kama leo."

Kastori alifungua mdomo amwambie ukweli. Aliuangalia ule uso wa mtu aliyetangulia kuonja, uliojaa heri, uliomletea sifa ileile waliyokuwa wamemnyima siku alipoistahili. Josefina alikuwa anamtazama kutoka mezani kwake. Basi akaipokea sifa pamoja na glasi, kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, maana kukataa kungekuwa ni kumtukana mwenye harusi.